Makrei Wawili, Kiti Kimoja

Kila Jumanne na Ijumaa Macharia huwapeleka wanunuzi Shiling kwa gari la kukodi. Shiling ni mji wa ngozi: mikoba, pochi, mikanda, na kila zipu na kishikizo kinachokwenda humo. Macharia ni Mkenya wa Thogoto, ana ofisi ya mizigo pale Sanyuanli, katika jiji la Guangzhou, China, na orodha ya abiria wake huiandika kwenye simu kwa kusikia tu. Unampigia, unataja jina, naye anaandika lilivyomwingia sikioni. Ndiyo maana ukiisoma orodha yake, Wachina, Waarabu na Wakongo wote wanaonekana kama watu waliozaliwa Kiambu.

Basi Ijumaa moja ya mwezi wa nne, orodha hiyo ilikuwa na "Makrei" mara mbili. Macharia akaona amejirudia. Akafuta moja. Asubuhi wakaja Makrei wawili.

Wa kwanza alikuwa Yustina Makrei, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Tukuyu, kule chini ya Mlima Rungwe. Huu ulikuwa mwaka wake wa tisa wa kununua nguo na mikoba Guangzhou na kuipeleka Mbeya. Alikuwa ameshakaa dirishani, amejifunika khanga miguuni kwa ajili ya kiyoyozi, anatazama ile mvua nyembamba ya mji huu isiyonyesha wala kukatika. Wa pili alifika akikimbia, mwavuli umepinduka: mwanamke wa Kizungu, mrefu, mvi zimekatwa fupi, viatu vya kazi vimejaa maji. Akasema kwa Kiingereza kwamba ana nafasi iliyowekwa kwa jina lake, MacRae. Abigail MacRae.

Macharia akatazama simu, akatazama ndani ya gari. Akamwambia samahani, Makrei ameshaingia.

"Makrei ni mimi," Yustina akasema kutoka dirishani, akidhani anaitwa.

Yule mwanamke akainama, akachungulia. Naye akasema Makrei ni yeye. Wakatazamana. Dereva, Mchina mpole ambaye hakuwa amefahamu hata neno moja, aliona nyuso zile akaamua kuzima injini.

"Mathe," Macharia akamwambia Yustina, "kwani huyu ni dadako wa kufikia ama?"

Yustina alikuwa anahesabu. Tangu azaliwe hakuwahi kukutana na mtu wa jina hilo ambaye hakutoka kwenye nyumba ya babu yao. Makrei wote duniani aliwajua yeye mwenyewe, mmoja mmoja, pamoja na watoto wa mwisho waliokuwa bado wanabebwa mgongoni. Walikuwa thelathini na mmoja. Sasa hapa Sanyuanli, mbele ya jengo la mizigo, asubuhi ya saa mbili, alikuwa amesimama wa thelathini na mbili, anavuja maji.

Macharia alikubali kosa kiungwana. Akatoa kiti chake mwenyewe cha mbele, lakini yule mama hakutaka kukaa mbele, alitaka kukaa karibu na Yustina. Watu wakasogezana, abiria mmoja akahamia mbele, na Macharia akapanda nyuma kabisa, juu ya marobota ya sampuli za ngozi, magoti yakiwa masikioni. Gari likaondoka.

*

Ili mjue kwa nini jina hilo lilimshika Yustina hivyo, lazima niwaeleze alichokuwa anakwenda kufanya siku ile.

Miaka yote tisa aliuza mikoba yenye majina ya watu wengine. Safari hii alikuwa amejikaza, amechora mkoba wake mwenyewe: ngozi ya rangi ya udongo mwekundu, mpini mfupi, mfuko wa ndani wa simu. Mikoba mia tatu ilikuwa inashonwa kiwandani Shiling, na mbele ya kila mmoja matundu mawili yalikuwa yameshatobolewa, yakisubiri kibati cha jina. Kibati hicho kinatengenezwa kwa kalibu ya chuma. Jina likishakatwa kwenye kalibu limekatwa, halifutwi, halirekebishwi. Fundi wa kalibu alikuwa amempa siku hiyo, saa tano, amletee neno la mwisho.

Na neno la mwisho ndilo lililokuwa linamshinda. Kwenye simu yake mlikuwa na michoro miwili. Mmoja uliandikwa MAKREI. Wa pili uliandikwa MWAHARUNI.

Kwao Unyakyusani karibu kila ukoo una jina linaloanza na Mwa. Ukisikia Mwa, unajua ni mwana wa fulani, uzao wa fulani. Ndilo komeo la mlango wa jina. Jina la kina Yustina halikuwa na Mwa. Babu wa baba yao, mzee Harun, wakati wa Waingereza alifanya kazi kwa fundi mwashi Mskoti. Baada ya vita ile ya kwanza ya Mjerumani, wamisionari Wajerumani walipoondolewa Rungwe, Waskoti walivuka kutoka upande wa Nyasa kushika kazi ya misheni, na mmoja wao alikuwa huyo mwashi, jina lake MacRae. Harun alimfyatulia matofali. Siku moja karani wa kodi akaja na daftari lake, akamuuliza yule kijana aliyepakaa udongo mpaka kwenye nyusi: "Mtu wa nani wewe?" Karani alitaka kujua yuko chini ya mkubwa gani wa ukoo. Harun akajibu alivyoelewa: "Wa Makrei." Likaandikwa. Mwashi akarudi kwao, daftari likabaki. Jina la baba yake Harun hakuna aliyelikumbuka tena, kwa sababu kila aliyeuliza aliambiwa limeshaandikwa.

Ndivyo hadithi ilivyosimuliwa nyumbani, na haikusimuliwa kwa fahari. Shuleni waliitwa watoto wa mzungu aliyewasahau. Kaka yake Yustina, Sostenes, alipokwenda kuposa, mzee mmoja wa upande wa mke alimuuliza mbele ya watu: "Nyie ni Mwa-nani?" Alipotaja Makrei, mzee akacheka kidogo, akasema basi hapa tunaoza binti kwa nyumba isiyo na mlango. Posa ilipokelewa, ndoa ikafungwa, lakini Sostenes hakuisahau siku ile. Mwaka huu, akiwa sasa ndiye mkubwa wa nyumba, aliitisha kikao. Ukoo utaacha Makrei. Utaitwa Mwaharuni, wana wa Harun. Watoto watabadilishiwa vyeti, na msalaba wa saruji kwenye kaburi la baba yao utavunjwa ujengwe mwingine wenye jina jipya.

Hapo kwenye msalaba ndipo Yustina alipokwama. Baba yao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Maisha yake yote aliandika lile jina ubaoni kwa mwandiko wa kuumba, k yake ikiwa na mkia kama wa jogoo, na aliwachapa wanawe kila walipolikatisha. Hakuwahi kulisifu wala kulilalamikia. Alilitunza tu, kama mtu anavyotunza nguo aliyovikwa na wengine.

Usiku uliopita Sostenes alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti. Hakupaza sauti. Alisema: "Yusti, usituandike tena kwa jina la bwana wa babu. Mikoba mia tatu ni midomo mia tatu. Ukiweka Makrei, umenipinga mbele ya dunia."

*

Barabara ya kwenda Shiling ilijaa malori. Abigail alikausha nywele kwa leso, akaanza kuuliza, na Yustina akaona hana namna ila kumweleza: daftari la kodi, mwashi, Harun, mtu wa nani. Alieleza kwa Kiingereza chake cha biashara, na alipofika mwisho akakaza macho dirishani, kwa kuwa hakujua huyu mwenye jina atalipokeaje. Labda atacheka. Labda, na hili lingekuwa baya zaidi, ataomba radhi.

Abigail hakufanya lolote kati ya hayo. Aliikunja leso, akaiweka mapajani. Kisha akasema kwamba yeye wala si wa Uskoti, ni wa Kanada, pwani ile ya mashariki inayoitwa Nova Scotia, yaani Uskoti Mpya. Alikuwa China kukagua ngozi kwa niaba ya kampuni ya viatu. Wazee wake walitoka magharibi ya Uskoti, bonde la Kintail, miaka kama mia mbili iliyopita, na hawakutoka kwa kupenda. Wenye ardhi waliona kondoo wana faida kuliko watu. Watu wakasogezwa mpaka ufukweni, na kutoka ufukweni wakapandishwa meli. Bibi yake alikuwa akihesabu kwa vidole waliozikwa baharini, na akifika kidole cha tano huacha kuhesabu na kwenda kuchochea moto.

Yustina aligeuka akamtazama. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba wenye jina nao waliwahi kufukuzwa.

Akauliza lile ambalo nyumbani hakuna aliyejua kuliuliza: jina lenyewe lina maana gani?

Abigail akasema inategemea unamuuliza nani. Baba yake alikuwa akisema ni neema. Mjomba wake alikuwa akisema ni jina la mwizi mmoja wa farasi, na kwamba neema ilikuja baadaye, familia ilipopata pesa ya kununua Biblia. Lakini nusu ya kwanza haina ubishi. Mac, kwa lugha ya wazee wao, ni mwana. Mwana wa. Ukisikia Mac, unajua ni uzao wa fulani.

Yustina alimwomba arudie.

Akarudia. Mac ni mwana wa.

Jamani, kuna maneno mtu husikia kwa masikio na kuna mengine husikia kwa mgongo. Yustina alihisi ubaridi umeshuka kutoka shingoni mpaka kiunoni, na khanga haikusaidia. Akasema kwa Kiswahili, bila kumlenga mtu: "Kumbe ni Mwa."

"Nini?" Macharia akauliza kutoka kwenye marobota.

"Mac ni Mwa. Kitu kimoja. Walituambia hatuna Mwa, kumbe tunayo. Ilikuwa ya kigeni tu."

Macharia akafikiri. Kisha akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba basi na yeye atambuliwe, maana ni MacHaria, mwana wa Haria, na kwamba siku moja karani wa bandari aliwahi kumwandika hivyohivyo, M kubwa na H kubwa, na kontena lake likapita haraka kuliko yote ya mwaka ule. Abigail alipotafsiriwa alicheka mpaka akajishika mbavu. Lakini Macharia hakuwa amemaliza. Akasema wasicheke sana, maana hata kwao, Thogoto, ni Scotland iliyoshindikana mdomoni. Waskoti walijenga misheni pale, Wakikuyu wakajaribu kulitaja jina la kwao wageni, likatoka Thogoto. "Kwa hivyo hili gari lote ni la kijiji kimoja," akasema. "Niongezeeni nafasi ya miguu."

Yustina naye akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha juu juu. Ndani alikuwa bado kwenye lile neno. Akamuuliza Abigail swali moja tu zaidi: mababu zake yeye, ni wana wa damu wa huyo Rae wa kwanza?

Abigail akatikisa kichwa. Akasema hapana, hadhani. Bonde lile lilikuwa na wenyewe, na wengine walikuwa watu waliokuja: mfumaji, mchungaji, mtu aliyekimbia deni au njaa. Ukikaa kwenye ardhi ya mkubwa, ukila chini ya mkono wake, akija mwandishi akakuuliza u mtu wa nani, unamtaja yeye. Bibi yake alisema babu yao alikuwa mfumaji aliyetoka kusikojulikana, na jina lake la asili lilipotea mlangoni.

Mvua ilikuwa imeongezeka. Yustina alitazama matone yakiteleza kwenye kioo, moja likimeza lingine, mpaka wakafika Shiling.

*

Karakana ya Bi Mai, yule fundi wa kalibu, iko nyuma ya soko la zipu, kwenye kichochoro chenye harufu ya gundi na mafuta ya mashine. Bi Mai ni mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi, mikono ya mtu aliyezoea chuma. Wageni wengine humwita laoban, bosi, kama wanavyomwita kila mwenye duka. Yustina humwita Bi Mai tangu siku ya kwanza, na mwenyewe amelipenda.

Abigail alikuwa na saa nzima kabla ya ukaguzi wake. Aliomba afuatane naye, aone jina likikatwa. Macharia alifuata kwa sababu hakuna mtu angemzuia.

Walipoingia, Abigail alisimama mlangoni akasahau kufunga mwavuli. Yustina alikuwa ameshaona ukuta ule mara mbili, lakini siku ile aliuona upya. Bi Mai ana desturi yake: kila kalibu anayokata, kibati cha kwanza kinachotoka hakiuzi, anakitundika ukutani. Miaka ishirini na minane. Ukuta mzima, sakafu mpaka dari, ulikuwa majina: ya dhahabu, ya fedha, meusi, yenye kutu, kwa herufi za Kiarabu, za Kirusi, za Kihabeshi, za Kichina. Majina ya mama za watu, ya mabinti, ya wapenzi walioachana zamani, ya maduka yaliyofungwa Lagos na Lima. Kila jina lilikuwa limesafiri kuja mpaka kichochoro hiki ili likatwe, kisha likaondoka tena mbali zaidi. Taa ilipotikiswa na upepo wa feni, ukuta mzima ulimeta kama unapumua.

"Hapa," Abigail akanong'ona, "kuna watu wengi kuliko mjini kwetu."

Bi Mai akaleta daftari la oda. Mteja huandika jina lake kwa Kichina kama analo. Yustina anajua kuandika alama moja tu ya Kichina, ile aliyopewa na wakala wakati wa kujiandikisha makazi, ile inayoanza jina lake: Mai. Maana yake ngano. Aliiandika polepole, mstari kwa mstari. Abigail akaitazama, akachukua kalamu, na pembeni akaandika yake. Ilikuwa ileile. Kwa Wachina kila Mac huanza na ngano, kwa kuwa ndiyo sauti iliyo karibu.

Bi Mai akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaweka kidole juu ya alama ya kwanza, juu ya ya pili, kisha juu ya kifua chake mwenyewe. Naye jina lake, ambalo Yustina alilijua kwa sauti tu, huandikwa kwa alama hiyohiyo. Mai. Ngano.

Akasema kitu kwa Kichina, haraka, akiwatazama wote wawili. Yustina alikamata neno la nyumba tu. Bi Mai akachukua simu yake ya kutafsiri, akaisemea maneno yaleyale, na ile simu, kwa sauti tulivu ya kike isiyo na kwao, ikasema kwa Kiswahili:

"Wewe ni wa nani?"

Bi Mai alikuwa ameuliza jambo la kawaida tu, ambalo mzee yeyote wa kijiji cha Guangdong humuuliza mgeni: wewe ni wa nyumba gani. Lakini lilitoka kama lilivyotoka kinywani mwa karani, miaka mia moja iliyopita, kwa kijana mwenye udongo nyusini. Lilikuwa limezunguka dunia na kumkuta mjukuu wa mwanawe amesimama mbele ya kalibu.

Yustina akavuta kiti, akakaa, akaeleza. Alieleza taratibu, kwa Kichina cha soko pale kilipofika na kwa simu pale kiliposhindwa: kwamba jina hili si la damu, babu mkubwa alijibu tu alivyoulizwa, na leo kaka yake anataka livunjwe hata kaburini kwa baba. Alieleza akiwa ameinamisha uso, na hakuona kwamba Bi Mai ameacha kazi.

Bi Mai alifunika daftari la oda. Kisha akainuka, akafunga mlango wa karakana, ingawa nje hapakuwa na mtu. Alizungumza na simu kwa sauti ya chini, vipande vipande, na simu ikawa inawatolea Kiswahili chake cha kuchongachonga.

Babu yake Bi Mai hakuwa Mai. Alizaliwa ndani ya mashua, mtu wa mtoni, katika jamii ambayo zamani wenyeji wa nchi kavu hawakuihesabu kuwa watu. Aliomba kulima tope la mto ambalo lilikuwa la ukoo mkubwa wa Mai. Alipokuja mwandishi wa kijiji, akamuuliza yeye ni wa nani. Akasema: wa Mai. Miaka mingi familia yao iliwasha ubani nje ya mlango wa jumba la kuwaenzi mababu wa ukoo huo. Baba yake akauwashia kizingitini. Yeye Bi Mai, mwanamke, sasa anauwashia ndani, na mwaka juzi vibati vya milango ya jumba lile ni yeye aliyevikata.

"Watoto wangu hawajui," simu ikasema, na Bi Mai akaitazama kama aliyeshangaa kwamba imelisema.

Macharia, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa la kusema tangu abatizwe, aliinua macho akatazama ukuta. Abigail alikuwa ameweka mkono mdomoni. Yustina aliwatazama hawa wanawake wawili, mmoja wa kondoo na meli, mwingine wa tope na ubani, na akamwona mzee Harun katikati yao, anafuta mikono, anajibu. Watu watatu, pande tatu za dunia, hakuna aliyemjua mwenzake, wameulizwa swali moja na wakatoa jibu moja. Aibu aliyoibeba tangu shule ilikuwa ndogo mno kuenea kwenye jambo kubwa namna ile. Ilidondoka tu, kama kitu ulichosahau kwamba umekishika.

Bi Mai akarudi kwenye biashara. Saa tano imefika, akasema kwa kugonga saa. Jina gani?

"Makrei," Yustina akasema.

Abigail, kwa upole, akauliza kama angependa liandikwe kama la kwao, kwa C na kwa A na E. Yustina akakataa. Akasema atalikata kama baba alivyoliandika ubaoni, na kwenye simu akamtafutia Bi Mai picha ya daftari la zamani la shule, ili aione ile k. Bi Mai aliikuza picha, akautazama ule mkia wa jogoo kwa heshima ya fundi kwa fundi, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akapima matundu ya mkoba wa sampuli kwa rula, akasema jambo lililowachekesha wote: herufi sita zinaingia vizuri, lile la herufi tisa aliloliona kwenye mchoro wa pili lingembidi alipunguze mpaka lisomwe na sisimizi.

Mashine ikaanza kuguna.

*

Yustina alitoka kichochoroni, akasimama chini ya bati, akampigia kaka yake. Tukuyu ilikuwa alfajiri, na Sostenes alikuwa njiani kwenda kwenye shamba lake la chai. Yustina alisikia majani yakimgusa kaka yake suruali. Akamwambia kwanza lililo baya: limeshakatwa, kaka, ni Makrei, na nimekupinga, unisamehe. Kisha akamweleza lote, mpaka simu ikapata moto sikioni. Mfumaji wa Kintail. Mashua. Wa nani.

Upande wa pili hatua zikapungua kasi.

"Hiyo Mac," Sostenes akasema mwishowe. "Huyo mama ana hakika?"

"Ana hakika. Ya neema ndiyo hana hakika nayo, mjomba wake anasema ni mwizi wa farasi. Ila Mac ni mwana wa."

"Kwa hiyo yule mzee siku ya posa, aliponiuliza Mwa yetu iko wapi…"

"Ilikuwa mbele ya macho yake, kaka. Uliitamka wewe mwenyewe."

Akamsikia kaka yake akipumua, hatua zimesimama. Ndege mmoja alilia kule, wa kwao, na Yustina akamjua.

"Mwana wa neema," Sostenes akasema, kama anayeonja. "Au wa mwizi." Akaguna, na guno lile lilikuwa karibu na kicheko. Kisha akasema kwamba msalaba wa baba umeota ukungu tu, hauna ubaya. Kesho, Jumamosi, ataupaka chokaa.

Yustina alirudi ndani. Bi Mai alikuwa ameinamia kipande cha chuma, anapulizia vumbi. Herufi zilikuwa zimetokea, lakini kinyume, kama zinavyokaa kwenye kalibu yoyote: ile I mbele, ile M nyuma, na k ikitupa mkia upande usio wake. Hakuna aliyeweza kulisoma. Abigail na Macharia walikuwa wameinama juu yake kila mmoja upande wake, wakijaribu.

Bi Mai alikwenda ukutani. Akatafuta kwa vidole, akasogeza kibati kimoja kushoto, kingine kulia, na katikati akagongomea msumari.